Kobe Hali Daku

Mpendwa Bibi Wasila, naomba msaada wako, na ikiwezekana uniweke mbele ya wale walioandika kabla yangu, maana paka wao na mbuzi wao wako macho na wanaweza kungoja, lakini wangu ameshalala, au nadhani amelala, na wanasema theluji itashuka Setif wiki hii hii.

Naitwa Zulikha, mjane wa Lakhdar mshona kashabia, yale majoho ya sufu yenye kofia. Pengine nyumbani kwako ipo moja aliyoishona, maana wanaume wengi wa mtaa wetu majira ya baridi wanatembea ndani ya sufu iliyopita mikononi mwake. Alifariki msimu wa baridi uliopita, wakati kobe wetu Mabruka amelala stoo, na katika msiba ule hakuna aliyemkumbuka kobe, hata mimi, nilikuwa sikumbuki kama nimekula, sembuse kobe.

Nikakaa eda. Siku moja eda haijaisha, wanawake wamejaa sebuleni wanakunywa kahawa, tukasikia kitu kinakwaruza ukuta upande wa stoo, kra, kra, kinanyamaza, halafu tena kra, kra. Mke wa mwoka mikate akaweka kikombe chini akaanza kusoma Ayatul Kursi. Mwingine akaniinamia sikioni, "Zulikha, nyumba hii ina wenyewe?" Wifi yangu Baya, dada yake marehemu, ambaye haogopi kitu isipokuwa mende, akachukua ufagio, akafungua mlango wa stoo, kisha tukamsikia anapiga kelele, "Huyu hapa mwenyewe!" Akatoka na Mabruka mikononi, kichwa kimejaa vumbi la majani, miguu inapiga hewa kama mtu aliyechelewa kazini. Nikacheka, Bibi Wasila. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mazishi, na nilicheka mbele ya wageni wa msiba, wala hakuna aliyenilaumu kwa sababu wote walikuwa wanacheka, hata mke wa mwoka mikate, ingawa aliimaliza aya yake kwanza.

Tangu hapo tumekuwa wawili. Zamani alikuwa kobe wa Lakhdar, mimi nilimruka tu nikipita uani na ndoo, lakini kiangazi hiki nimemjua. Najua kwamba nikigonga kijiko kwenye sufuria anageuka. Najua kwamba anapenda maua ya njano yanayoota kwenye nyufa za ukuta na hapendi tango. Alasiri, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti, anakuja kugonga gamba lake mlangoni, na mlango una alama pale kwa sababu amekuwa akigonga hapo tangu kabla sijaolewa, maana alikuwepo katika nyumba hii Lakhdar akiwa mtoto wa kutambaa.

Sasa tatizo langu ni hili. Lakhdar ndiye aliyemlaza kila mwaka, na mimi sikuwahi kushika hata jani. Majani ya mtini yakianza kupukutika mimi huwa na kazi yangu ya kuviringisha kuskusi ya akiba na kuanika pilipili, na yeye alikuwa na kazi yake huko uani, na ninachokumbuka mimi ni ugomvi tu. Maana kila ulipofika wakati huo Lakhdar aligeuka bahili. Mtu aliyekuwa akimkatia Mabruka tikiti kabla hajajikatia mwenyewe, ghafla anamnyang'anya jani la saladi mdomoni. Namwambia, "We mwanamume, mwache maskini ale, utamuua kwa njaa!" Ananijibu, "Wewe shughulika na kuskusi yako." Halafu anachukua beseni langu la shaba, zawadi ya mama yangu, anamwogesha humo kwa maji ya vuguvugu kama bwana harusi, siku kwa siku, mpaka nikawa nalificha beseni juu ya kabati na yeye anapanda kiti kulitafuta. Hayo ndiyo yaliyobaki kichwani mwangu, beseni na ubahili. Jinsi ya kumlaza, sijui.

Mwezi huu Mabruka alianza kupoa. Anatembea hatua mbili anasahau alikokuwa anakwenda. Kijiko nikikigonga ananitazama tu. Na hapo ndipo kila mtu akawa na la kusema.

Mwanangu Nadhir, anayeishi Algiers, alinipigia akasema, "Mama, mlete huku. Ghorofa yetu ina joto, tutamweka karibu na hita, watoto watafurahi. Na wewe uje naye, tufunge nyumba mpaka machipuko." Nikamwambia Mabruka amezoea kulala kwake. Akasema, "Mama, ni kobe." Nikasema, "Ndiyo, ni kobe." Ni mtoto mzuri, Bibi Wasila, usimfikirie vibaya, mkewe ananipikia vitu laini kama mgonjwa. Lakini mimi naijua nafsi yangu, nikishaifunga nyumba hii sitaifungua tena. Kila anaponisihi namjibu Mabruka, Mabruka, na mpaka sasa jibu hilo limetosha. Nikimuua Mabruka kwa kutojua kwangu, sitakuwa na jibu.

Halafu jirani yangu Wahiba, binti anayesoma chuo kikuu, akasema ameona wanaofuga kobe nchi za mbali wanawalaza kwenye friji. Baya alikuwepo, akashika kiuno. "Friji! Kati ya mayai na maziwa?"

"Ndiyo, shangazi, friji ina baridi isiyopanda wala kushuka."

"Halafu siku moja napapasa kutafuta siagi, natoka na kobe!"

"Shangazi, si friji yako."

"Yangu ina adabu, haiwezi kukubali."

Tukacheka sana, lakini swali likabaki.

Basi jana Baya alikuja na wazo lake, na lilikuwa zuri mpaka nikashangaa sikuliwaza mwenyewe. Akasema, "Zulikha, huyu anaingia kwenye funga ya miezi. Wewe umeona nani anayeanza funga bila daku?" Nikasema, wallahi kweli. Tukamsogeza Mabruka kwenye hita mpaka akachangamka, tukamwandalia sinia, saladi, karoti iliyoparwa, tende tulizotoa kokwa, na kuskusi ya shayiri tuliyoiloweka kwenye maziwa ya mgando, kama tunavyokula wenyewe kabla ya alfajiri. Mwanzo akatazama tu. Baya akampaka tende mdomoni. Loo, Bibi Wasila, laiti ungeona! Alikula kama mtu anayejua kwamba muadhini ameshakohoa kwenye kipaza sauti. Alimaliza tende, akaingia kwenye kuskusi kwa miguu yote. Baya akapiga vigelegele, Wahiba akachungulia juu ya ukuta akauliza nani anaolewa.

Akiwa ameshiba hivyo tukamweka kwenye sanduku la mbao, tukamfunika kwa kashabia ya Lakhdar mwenyewe, ile ya kahawia ambayo bado ina harufu yake, nikaweka kifuniko, nikakaza kamba. Nikasema bismillahi, kisha nikaona haya kwa sababu niliisema kwa sauti ya mazishini. Baya anasema tusimfungue mpaka machipuko, kwamba kobe akitazamwa usingizini hufa. Leo tangu asubuhi nimekuwa nikienda mlangoni mwa stoo, nasikiliza, narudi.

Daku amekula vizuri, kwa hiyo hilo halinisumbui. Ninachoomba ni uniambie, stoo au friji au hita ya Nadhir? Na je, kweli nikimchungulia atakufa? Nijibu kabla theluji haijashuka, tafadhali. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha, ingawa najua una kazi nyingi.

Zulikha, mjane wa Lakhdar


BIBI WASILA ANAJIBU

Zulikha dada yangu, bahati yako una mwandiko unaosomeka. Barua yako niliifungua nimesimama, koti bado mwilini, nikicheka peke yangu kwa habari ya siagi, na nilipofika kwenye neno daku kicheko kikanikatika. Wewe umeniuliza kuhusu stoo, friji na hita. Kitu kitakachomuua Mabruka umekipita njiani ukakipigia vigelegele!

Gazeti hili hutoka Alhamisi na tumbo la kobe haliijui Alhamisi, kwa hiyo nikageuza bahasha nikakupigia. Tuliyoongea unayajua, lakini nayaandika hapa kwa idhini yako, maana naujua mji wetu, na wiki hii kuna Baya katika kila mtaa anapara karoti.

"Halo, Zulikha? Wasila hapa, wa gazeti. Kobe yuko wapi?"

"Bibi Wasila! Allah! Hujambo? Habari za nyumbani, wazima, watoto—"

"Wazima wote. Kobe yuko wapi?"

"Amelala, alhamdulillahi."

"Mwamshe."

Nikasikia sauti nyingine nyuma yako, sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka mtaa wa pili. "Nani huyo? Mwambie tumemlisha vizuri kabisa!"

"Mwambie wifi yako ndiyo maana nimepiga."

"Anasema ndiyo maana amepiga," ukamwambia.

"Mwambie kobe akitazamwa—"

"Zulikha, weka simu chini, nenda stoo, kata kamba. Nangoja."

Nikangoja. Nikasikia viatu vyako uani, mlango, Baya anasema "kisu kiko wapi, kisu, si hicho ni cha mkate," kisha kimya kirefu ambacho sikukipenda hata kidogo, na mimi ni mtabibu wa wanyama niliyestaafu, nimezoea kimya. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kukuambia. Halafu vigelegele! Simu yenyewe ilitetemeka. Ukarudi unahema.

"Ametoa kichwa! Bibi Wasila, ametoa kichwa, amefungua jicho moja!"

"Ana hali gani?"

"Amekasirika. Ananitazama kama Lakhdar nikimwamsha na kahawa isiyo na sukari."

Basi hapo na mimi nilikaa chini, nikavua koti.

Sasa sikiliza, na Baya asogee karibu asikilize, maana nusu ya makaripio haya ni yake. Kobe hali daku. Wewe ukila daku, tumbo lako lina joto, linasaga chakula mchana kutwa, na hicho ndicho kinachokusaidia kufunga. Tumbo la kobe linapata joto lake nje, kwa jua au kwa ukuta wa jua. Ukimweka kwenye baridi, tumbo linasimama pamoja naye. Zile tende, ile kuskusi, yale maziwa ya mgando ambayo hakupaswa kuyaonja hata katikati ya kiangazi, vyote vingekaa tumboni vinachacha na kuoza, hewa inajaa, sumu inaingia kwenye damu, na yeye amelala hawezi kujisaidia. Machipuko mngefungua sanduku mkalia, na Baya angesema ni kwa sababu ulichungulia. Wengi katika mji huu wamepoteza kobe wao hivyo hivyo, kwa mapenzi na sinia kubwa, wakasema ilikuwa siku yake.

Mmefanya kwa wema, najua. Wema wenu ulikuwa na karoti nyingi mno.

Na jambo linalonisikitisha kidogo, na kunifurahisha sana, ni kwamba marehemu alikuwa amekufundisha kila kitu. Umeniandikia mwenyewe. Ule uliouita ubahili ulikuwa ni kumfunga kobe tumbo wiki kadhaa kabla ya usingizi. Kule kumwogesha kwenye beseni kulikokuudhi kulikuwa dawa, maana maji ya vuguvugu humfanya kobe anywe na ajisaidie, na akitoka humo amejaa maji na tumbo ni jepesi. Kila mwaka alikuwa anafanya mbele ya macho yako. Wewe ulikuwa unaangalia beseni! Usilie kwa hilo. Mimi nimecheka, na naamini yeye angecheka. Na beseni la mama yako lishushe kutoka juu ya kabati leo hii.

Utafanya hivi. Mabruka anarudi ndani ya nyumba, mahali penye mwanga na joto, karibu na hita lakini si juu yake, na kuanzia leo hakuna jani, hakuna tende, hakuna "kidogo tu". Akigonga mlango umpe maji. Mwogeshe, maji yafike chini ya kidevu chake, dakika chache, karibu kila siku mwanzoni, halafu kwa kupunguza. Utaona anajisaidia. Nataka ufurahie kinyesi hicho kuliko ulivyolifurahia sinia. Kwa kobe mkubwa kama wako kazi hii inachukua wiki tatu au nne, na kwa kuwa alikula karamu ya harusi, ninyi hesabuni nne. Theluji ikishuka kabla ya hapo na ishuke, yeye yuko ndani, haimhusu.

Ukitazama ukaona anatoa mapovu puani, macho yamevimba, au amekonda ukimnyanyua unaona ni mwepesi kama gamba tupu, usimlaze kabisa mwaka huu. Mlete nimwone. Kobe mgonjwa halazwi.

Tumbo likishatakata, unamsogeza polepole kutoka kwenye joto. Kwanza chumba kisicho na hita, siku kadhaa, halafu kwenye korido, halafu stoo. Hapo ndipo nakujibu swali lako. Stoo ni nzuri kama haipati barafu na haipati joto. Nunua kipimajoto kidogo, ukiweke ndani ya sanduku, ubavuni mwake. Nyuzi tano ni sawa. Zikipanda mpaka kumi ataanza kuamka na kula akiba ya mwili wake. Zikikaribia sifuri mtoe haraka, kwa maana barafu hupofusha kobe, na huyo wenu ameona mambo mengi mno ya nyumba hiyo kuishia kipofu. Sanduku lisikae kwenye sakafu ya mawe. Liinue juu ya mbao. Liingize ndani ya sanduku kubwa zaidi, katikati ujaze karatasi zilizochanwa, toboa matundu ya hewa, na funika matundu kwa wavu wa chuma, kwa sababu panya hawaheshimu usingizi wa mtu. Ndani mwake weka majani makavu na udongo wa chini ya mtini ulio na unyevu kidogo tu.

Kashabia itoke. Najua harufu yake, dada yangu, najua kwa nini uliiweka. Lakini nyuzi za sufu humnasa kobe kucha na shingo, na kobe hana joto lake la kuhifadhi ndani ya joho. Livalishe sanduku la nje kashabia hiyo. Hapo itazuia baridi ya ghafla, na wewe ukiingia stoo utaiona.

Wahiba yuko sahihi kuhusu friji, na Baya amwombe radhi. Friji inayofanya kazi vizuri ni salama kuliko stoo nyingi za hapa Setif, mradi isiwe inagandisha, na mlango ufunguliwe mara kwa mara aingiziwe hewa. Friji ya Baya tunaiacha na adabu yake. Kama baridi ya mwaka huu itakuwa kali kuliko stoo yako inavyoweza kuhimili, tafuta friji kuukuu iliyo peke yake, sio ya chakula.

Nadhir naye yuko sahihi kwa wiki hizi nne tu. Majira yote ya baridi kando ya hita ya ghorofani, bila jua, kobe huyu atakuwa halali wala haamki, hali wala hafungi, anaisha taratibu huku watoto wanamwita. Kobe wa nyanda zetu amezaliwa kulala. Mwili wake unaijua baridi kabla haijafika, na ndiyo maana kijiko kimeacha kumwita.

Sasa suala la kuchungulia. Aliyesema kobe akitazamwa hufa alitaka kulala mchana asisumbuliwe kwenda stoo. Utamtazama. Kila wiki, Ijumaa ukirudi na mkate, utamweka kwenye mizani unayopimia unga, bila kumtikisa, bila kumgeuza mgongo chini, kisha unamrudisha. Uzito ukipungua kidogo kidogo ni kawaida. Ukiona umepungua kiasi cha fungu la kumi la uzito wake wa mwanzo, mwamshe, msimu umekwisha kwake. Ukikuta amekojoa sandukuni, mwamshe siku hiyo hiyo hata kama nje theluji iko magotini, maana amemwaga maji yaliyokuwa yanamlinda, wala usimrudishe tena usingizini. Akiamka, mara ya kwanza ni maji, beseni la vuguvugu, mwanga na joto. Chakula baadaye, na kiwe majani. Mkitaka kumfuturisha kwa kitu chochote kilicholowekwa kwenye maziwa ya mgando nitakuja huko mwenyewe.

Umeandika kwamba bismillahi yako ilitoka kwa sauti ya mazishini. Nimelisoma hilo mara mbili. Mwaka huu umefunika mtu mmoja ambaye huwezi kumfunua, na mikono yako imekwenda kufunika tena kwa namna ile ile, kwa kamba, kwa joho lake, na masharti ya kutotazama. Sikulaumu. Lakini kaburi halifunguliwi kila Ijumaa likapimwa uzito. Huyu anafunguliwa. Anashikwa, anapimwa, ananung'unika, anafunikwa tena. Kwa hiyo siku yake ikifika hutatumia kamba. Utaweka kifuniko kinachonyanyuka kwa mkono mmoja, na utakinyanyua kila unapotaka kujua.

Na kazi hiyo ya kunyanyua kifuniko ni ya mtu anayelala nyumba hiyo hiyo. Baya anakaa mtaa mwingine na anaogopa mende. Wahiba ana mitihani. Kobe aliyelala hasafirishwi, na hilo si langu wala lako, ni la kobe, mwambie Nadhir alisome hapa kama hakuamini wewe. Mlinzi wake kwa majira haya ya baridi ni wewe, mwanamke aliyejua alasiri zote za kiangazi kwamba tango halipendwi.

Nadhir ni mtoto mzuri, umesema, na mimi nakubali. Usimfiche kitu. Mwambie wazi kwamba hujamaliza kuishi katika nyumba yako. Akija na gari, mpokee kwa kahawa na mkate wa kesra wa moto, muonyeshe sanduku, mwache anyanyue kifuniko mwenyewe na watoto wanong'one mmoja mmoja. Wakae wiki nzima wakipenda. Kisha gari liwashwe, watoto wapunge mikono, literemke barabara ya Algiers bila kobe na bila wewe.